Mama Vibao Astaafu Bila Kuandika Asichokijua

Baada ya miaka thelathini na minane na miezi minne ya utumishi, Mtunza Mimea Mwandamizi wa kitalu chetu, anayejulikana na wote kwa jina la Mama Vibao, atastaafu rasmi tarehe 30 ya mwezi huu wa sita, saa tisa na nusu alasiri. Saa nimeitaja kwa makusudi. Barua ya ofisi inasema tu "mwisho wa mwezi", lakini mwenyewe ametangaza kwamba hatatoka dakika moja kabla ya muda wa kufunga, maana hajawahi kufanya hivyo na hataki kujifunza uzeeni.

Mimi ninayeandika ni mwenzake wa meza ya pili, na mhariri wa jarida hili kwa mwaka wa tisa sasa. Ofisi ilinipa maelekezo: kurasa mbili, sifa za kutosha, picha moja, na nisiguse suala la ile anthuriamu. Sifa zipo. Picha ipo. Suala la anthuriamu nitaligusa, tena kwa mikono miwili, kwa sababu limemgharimu mama huyu barua tatu za onyo na halijaisha hata leo. Isitoshe, jarida hili ni la wafanyakazi, si la ofisi. Imeandikwa hivyo juu ya ukurasa wa kwanza tangu toleo la kwanza.

Alifika getini akiwa na umri wa miaka ishirini na miwili, bila cheti cha kilimo, bila barua ya mtu, bila mjomba ofisini. Aliajiriwa kuosha vyungu. Waliokuwepo wanasema alivisugua mwaka mzima kwenye karo la saruji nyuma ya banda la kwanza, na kwamba alikuwa akivirudisha kwenye maji hata vile ambavyo wenzake walishaviosha. Usumbufu wake, kwa hiyo, haukuanza jana. Mwaka wa pili msimamizi aligundua kwamba mwandiko wake unasomeka kutoka mlangoni, akampa rangi nyeusi, brashi nyembamba na rundo la vibao vya bati, akamwambia aandike majina ya mimea. Jina la utani likamganda hapo hapo. Hata mumewe, fundi saa mwenye maneno machache, humwita hivyo hivyo.

Mwaka wa tatu alikosea. Kosa hili nalitaja kwa ruhusa yake. Kusema kweli, aliniamuru nilitaje. Alikuwa ameng'oa vibao vya trei mbili za miche ili avipake rangi upya, na alipovirudisha alivibadilisha. Trei moja ilikuwa ya kichaka kisicho na madhara, nyingine ya kichaka ambacho utomvu wake huwasha na kuvimbisha. Miche ikachukuliwa na shule moja ya chekechea, ikapandwa kuzunguka uwanja wa michezo. Baada ya miezi kadhaa mtoto mmoja wa kike alitafuna jani, ulimi ukavimba, akalazwa siku mbili. Alipona. Lakini Mama Vibao hakungoja kuitwa. Alibeba jembe, akaenda kwa miguu, akang'oa mche mmoja mmoja mbele ya walimu ambao hawakumkaribisha hata maji, arobaini na sita kwa jumla, akapanda mingine. Kisha akaenda nyumbani kwa yule mtoto, akamwambia mamake kwamba aliyeandika kile kibao ni yeye.

Tangu siku hiyo ana sheria moja, na sisi tuliofanya kazi chini yake tumeisikia mpaka masikio yameota sugu: usiandike usichokijua.

Sheria hiyo aliihamishia mpaka nyumbani. Mumewe aliwahi kurudi na chupa ya asali aliyouziwa njiani. Asubuhi yake chupa ilikuwa kabatini, imebandikwa karatasi: "Inasemekana ni asali." Mzee alikula asali hiyo wiki tatu akiwa amenuna. Ilipobaki ya mwisho mwisho, aliikuta sukari imeganda chini ya chupa, akachukua kalamu na kuandika mwenyewe chini ya maneno ya mkewe: "Si asali." Wanandoa hao wanaelewana sana.

Mimi nilimfikia kwa ajali. Nilikuwa dereva wa trekta, na siku moja nilirudi nyuma bila kutazama, nikavunja meza nzima ya miche yake. Nilijua unga umemwagika. Yeye ndiye aliyekwenda ofisini kuniombea. "Nipeni mimi huyu," aliwaambia. "Amevunja kwa dakika moja, nitamfundisha inavyochukua kuotesha." Kwa miezi sita alinifunga macho kwa kitambaa kila asubuhi, dakika kumi, nikipapasa majani na vikonyo na kutaja majina. Wenzangu walicheka mpaka wakashika mbavu. Nikikosea, hakunisahihisha, alinisogezea tena chungu kile kile, akasema, "Uliza kidole, mwanangu, usiniulize mimi." Leo naweza kutofautisha aina kumi na tisa za anthuriamu bila kufungua macho, na hivyo ndivyo anavyowafundisha wote wanaokuja kitaluni, wenye shahada na wasio nayo. Vijana wenye shahada humwamkia shikamoo kwa adabu, yeye huitikia marahaba, halafu huwafunga kitambaa.

Kwa wasomaji wa idara nyingine: anthuriamu ni ule mmea wa mapambo wa misitu ya joto ambao wengi wanaujua kwa ua lake jekundu linalong'aa kama limepakwa rangi ya kucha. Hilo jekundu kwa kweli si ua, ni jani. Maua yenyewe ni vidoa vidogo vilivyojazana kwenye kijiti kinachochomoza katikati, ambacho kitaluni tunakiita mkia. Zipo pia anthuriamu ambazo hakuna anayejali maua yake, kwa sababu uzuri wote uko kwenye majani: mapana, yenye umbo la moyo, kijani kilichokolea, laini kama mahameli, yenye mishipa myeupe inayowaka hata siku ya mawingu.

Mama Vibao alizikuza pale ambapo wengine walikuwa wakizizika. Udongo wa bustani aliupiga marufuku kwenye vyungu vyake. Alichanganya magome ya mti, makumbi ya nazi, vipande vya mkaa na changarawe, kwa sababu mizizi ya anthuriamu inataka hewa, na ukiishindilia udongo mzito unaichimbia kaburi. Alimwagilia maji ya mvua aliyoyakinga kwenye mapipa saba. Aliweka kivuli cha neti, akikisogeza kila majira jua linapohama. Konokono aliwaokota kwa mkono kila asubuhi na kuwatupa ng'ambo ya ukuta, upande wa maegesho ya magari ya ofisi. Alipoulizwa kwa nini upande huo, alisema huko hakuna kitu kinachoota.

Aina mbili kati ya hizo za mahameli ndizo zilizoleta vita. Ya kwanza ni Anthurium crystallinum, ambayo kitaluni tunaiita Mshipa wa Fedha. Ya pili ni Anthurium magnificum, tunayoiita Bwana Mkubwa. Kwenye picha ni mapacha. Kwenye kidole hazifanani hata kwa bahati mbaya: kikonyo cha Mshipa wa Fedha ni cha mviringo, cha Bwana Mkubwa kina pembe nne, na ukifumba macho unazihesabu. Bwana Mkubwa ni adimu zaidi, na wenye hoteli humtafuta kwa jina.

Miaka tisa iliyopita tuliletewa anthuriamu moja changa, majani matatu, kila moja upana wa kiganja, zawadi ya mkusanyaji wa mimea aliyekuwa akihama nyumba. Haikuwa na kibao. Bwana Meneja aliipiga picha, akaituma kwa mtaalamu mmoja ambaye sisi humwita Daktari wa Picha, na kabla ya chai ya saa nne jibu lilikuwa limerudi: ni Bwana Mkubwa. Mabango ya maonyesho yakapelekwa kuchapwa. Mama Vibao akaagizwa aandike kibao. Alipitisha kidole kwenye kikonyo mara tatu, akaweka brashi chini, na akasema maneno ambayo karani aliyanukuu kwenye barua ya onyo, kwa hiyo yapo kwenye faili mpaka kesho: "Hiki ni mviringo. Mimi siandiki."

Daktari alijibu kwamba pembe huja na umri. Hilo ni kweli. Mmea mchanga hudanganya kama mtoto aliyevaa viatu vya babake. Mama Vibao alikubali mara moja, akasema basi na tungoje umri. Meneja akasema maonyesho hayangoji. Akaandika kibao mwenyewe, kwa kalamu ya ofisini, na mvua ya jioni ile ile ikakifuta. Wapo waliosema kuna mtu aliyekimwagia maji. Mimi nilikuwepo, na nasema ilikuwa mvua, ingawa kopo la kumwagilia nalo lilikuwa karibu.

Ndipo likaja jambo la ukaguzi. Kwa utaratibu wetu, kila mwisho wa mwaka mimea yote iliyo mezani huhesabiwa, na usio na jina kwenye daftari hutolewa na kutupwa kwenye shimo la mboji. Kulikuwa na njia mbili tu: ama anthuriamu ile iingie daftarini kwa jina la Bwana Mkubwa, ama ife. Meneja alijua hivyo, na alijua kwamba Mama Vibao anajua. Alidhani amemshika pabaya. Kumbe utaratibu unasema "iliyo mezani". Asubuhi ya ukaguzi tulikuta chungu kiko kwenye benchi la chumba chetu cha mapumziko, chini ya dirisha, karibu na birika linalochemka kutwa. Benchi si meza. Wakaguzi walipita, wakatazama, wakajikuna vichwa, wakaendelea. Mmea ulipenda ule mvuke wa birika kiasi kwamba ukatoa majani mawili kwa mwezi mmoja, na yeye akakataa kuurudisha. Karibu miaka minane, ndugu zangu, tulikula mchana tukiwa tumesimama. Hakuna aliyelalamika isipokuwa fundi bomba, na yeye hulalamika hata akipumzika.

Mwaka wa tatu tangu uletwe, mmea ulikomaa, na kwenye vikonyo vikaonekana pembe. Meneja alishuka kitaluni akiwa na tabasamu. Mama Vibao alikuwa ametuambia sote, bila kuuma maneno, kwamba mmea ule ni Mshipa wa Fedha, na sasa pembe hizi hapa. Alikaa nao kutwa nzima. Alipapasa kila kikonyo, akarudia, akanifunga mimi macho nikapapasa, nikasema ninachokisikia: pembe zipo, lakini mbili, tena hafifu, na kwenye majani mengine hamna kitu. Nilimwona siku hiyo akiwa na hofu kwa mara ya kwanza. Haikuwa hofu ya Meneja. Aliogopa kwamba kidole chake mwenyewe kilimdanganya.

Akaamua kuuliza mbegu. Hoja yake ilikuwa rahisi: mmea wa ukoo mmoja, ukizalishwa wenyewe kwa wenyewe, watoto hufanana na mama, ukiwa chotara, watoto watatawanyika, huyu kwa babu, yule kwa bibi. Lakini mkia wa anthuriamu una tabia yake. Huwa tayari kupokea chavua kwanza, na hutoa chavua yake baadaye, wakati mlango wa kupokea umeshafungwa. Anayetaka mbegu inabidi akusanye chavua ya mkia wa kwanza, aiweke kwenye baridi, angoje mkia wa pili ufunguke. Mama Vibao alikung'uta chavua kwa brashi ya rangi ya maji, akaikunja kwenye karatasi nyeupe, akaiweka kwenye friji ya wafanyakazi, nyuma ya chupa ya maziwa.

Siku ya kumi mhasibu aliamka na kichwa kinachomgonga. Alifungua friji kutafuta maji ya baridi, akaona karatasi iliyokunjwa vizuri, ndani unga mwepesi wa rangi ya krimu, akashukuru kwamba kuna mwenzake mwenye roho nzuri aliyeacha dawa ya kichwa. Akaumeza wote. Hadi leo anaapa kwamba kichwa kilipona kabla ya adhuhuri.

Na hapa ndipo ilipo raha ambayo hatutamwachia mpaka tunaingia kaburini: Mama Vibao, bingwa wa vibao, mwanamke aliyetilia shaka asali ya mumewe mbele ya wajukuu, hakuwa ameandika hata herufi moja kwenye karatasi ile. Alisema hakuona haja, kwa sababu yeye alijua ni nini. Tulipomtazama wote kwa pamoja, aliinamisha kichwa, akacheka, kisha akalia kidogo, maana mkia wa pili ulifunguka siku iliyofuata na hakukuwa na cha kuupaka. Mwaka mzima ulikuwa umekwenda na maji.

Alingoja miezi kumi na mmoja. Mikia ikarudi. Safari hii karatasi iliandikwa pande zote mbili, na friji ikafungwa kwa waya. Matunda yalichukua karibu mwaka kuiva, madogo madogo, yakining'inia kwenye mkia. Aliyatoa mbegu kwa vidole, akaziosha ute, akazipanga juu ya makumbi ya nazi yaliyolowa ndani ya visanduku vya plastiki. Zikaota sitini na moja. Tulizikuza miaka miwili, na katika miaka hiyo barua ya pili ya onyo ilifika, ikimtuhumu kutumia nafasi ya kazi kwa majaribio yasiyoidhinishwa. Aliisoma, akaikunja, akaitumia kuinua mguu mfupi wa meza ya miche.

Siku alipoalika watu, aliwaalika wote: Meneja, Daktari wa Picha, mhasibu, fundi bomba, na sisi wa kitaluni. Miche ilipangwa katika safu tatu. Alimwomba Daktari, kwa heshima zote, afumbe macho. Daktari, na hapa nampa haki yake, alivua miwani na kufumba. Safu ya kwanza vikonyo vilikuwa mviringo. Safu ya pili vilikuwa na pembe nne, kali. Safu ya tatu vilikuwa kama mama yao, pembe mbili za kusitasita. Daktari alirudia safu zote, akafumbua macho, akaomba kiti.

Kisha Mama Vibao akasimama. Wengi tulidhani atamkalia Meneja kooni. "Bosi alikosea," alisema. "Daktari alikosea. Na mimi nimekosea kuwapita nyote, kwa sababu ninyi mlisema kwa picha, mimi nilisema kwa kidole. Si Bwana Mkubwa, wala si Mshipa wa Fedha. Ni mtoto wa wote wawili." Waswahili wamesema asiyekubali kushindwa si mshindani, lakini ni wachache niliowaona wakikubali wakiwa wamesimama wima namna ile. Jioni ile aliandika kibao, cha kwanza cha mmea ule baada ya miaka minane: Anthuriamu, chotara. Daktari aliandika barua ya kurasa mbili kuthibitisha. Barua iko kwenye faili, na faili liko kwa Meneja.

Ningependa sana kuishia hapo. Wasifu mzuri huishia hapo, watu wakapiga makofi, keki ikakatwa.

Lakini mwezi wa pili mwaka huu hoteli moja kubwa iliagiza vyungu mia moja na ishirini vya majani ya mahameli kwa ajili ya ukumbi wake mpya. Tunavyo, vya vipande vilivyokatwa kwenye chotara yule na miche yake, vimestawi kuliko chochote nilichowahi kukiona kitaluni. Majani ni makubwa kama sinia na magonjwa hayavishiki. Fomu ya hoteli inasema Bwana Mkubwa. Meneja akashuka, akasema tuandike Bwana Mkubwa. Akasema mgeni wa hoteli anataka jani zuri, hapapasi vikonyo. Akasema jina ni jina tu.

Mama Vibao alimjibu kwa upole kabisa, na maneno haya nimeyasikia kwa masikio yangu. Alisema bustani ya hoteli nayo ina mtunza mimea, na huyo atakata vipande, atampa jirani, jirani atampa shule, na kila kipande kitaondoka na uongo wetu shingoni. Baada ya miaka kumi mtu akimtafuta Bwana Mkubwa wa kweli, atapewa chotara, naye ataapa ndiye, kwa sababu kibao kilitoka kwetu. Akasema aliwahi kuona kibao kimoja kilivyompeleka mtoto hospitali. Meneja akasema hapa hakuna sumu. Mama akasema kuamini kisichoaminika ni sumu pia, ila huchelewa.

Barua ya tatu ya onyo ilikuja mwezi wa nne, ikiwa imebaki miezi miwili astaafu. Safari hii ilisema kwamba akiendelea na ukaidi, ofisi itafikiria upya kumpa Cheti cha Utumishi Mwema. Miaka thelathini na minane, na sasa cheti kinaning'inizwa mbele yake kama jani la mgomba mbele ya mbuzi. Najua alikitaka. Mumewe alishatengeneza fremu, na ukutani kwao msumari umeshapigwa. Alichukua kalamu, akaandika chini ya barua ile ile, akairudisha: "Cheti nacho ni kibao. Kama hamna uhakika, msiandike." Mpaka tunakwenda mitamboni, cheti hakijatiwa saini. Msumari bado uko ukutani, nimeuona Jumapili iliyopita.

Aliitumia wiki iliyopita kuandika vibao mia moja na ishirini, kwa mkono wake, vyote vikisema chotara, vyote vikitaja wazazi. Ijumaa ofisi iliagiza ving'olewe. Mpango wao ni mwepesi na hawaufichi: mwezi wa saba ukiingia, mama huyu hayupo, mkuu mpya wa vibao ni mimi, na mimi nina watoto watatu shuleni. Nimeshaambiwa hivyo hivyo, watoto wakatajwa kwa hesabu yao.

Nasema wazi kwamba naogopa. Sina moyo wake. Nilimwambia hivyo tukiwa tunaosha brashi, nikitarajia aniambie maneno ya kunitia nguvu. Akaniambia kwamba yeye naye aliogopa kila mara, barua zote tatu, lakini mikono haiandiki yenyewe. Lazima uiambie iandike. Kisha akanituma nikaangalie kama mapipa ya mvua yamefunikwa.

Mafanikio yake mengine nayataja kwa ufupi, maana nafasi inakwisha: aina mia mbili na tatu zimeingia daftarini kwa mkono wake, wafanyakazi kumi na wanane wamefungwa kitambaa na kufuzu, na hakuna mteja hata mmoja, tangu ule mwaka wake wa tatu kazini, aliyerudisha mche akisema aliuziwa kisicho chenyewe. Anakwenda kumsaidia mumewe kwenye kibanda cha saa. Mzee ameshaanza kulalamika, kwa sababu tayari amekuta saa mbili zimebandikwa "Inasemekana inafanya kazi".

Ofisi inauliza kama nimewaza yatakayofuata. Nimewaza. Jumatatu ya kwanza ya mwezi wa saba nitaitwa, na nitakwenda. Sitaandika Bwana Mkubwa kwenye chungu hata kimoja. Nimewauliza wenzangu wa kitaluni, mmoja mmoja, faragha, asiwepo wa kumwonea mwenzake haya: wakikuambia wewe, utaandika? Tuko saba. Wote saba wamesema hapana, pamoja na fundi bomba, ambaye hata si wa kitaluni na hakuulizwa.

Na kwa kuwa jarida hili, kwa desturi, hutumwa kila mwezi kwa wateja wetu wakubwa, nimepitia orodha ya anwani. Hoteli ile ni ya kumi na nne. Nakala yao nitaifunga mimi mwenyewe na kuipeleka posta kwa miguu, kabla nakala yoyote haijafika ofisini. Bwana mtunza mimea wa hoteli, ukisoma hapa, karibu sana. Vyungu mia moja na ishirini viko tayari, ni vizuri kuliko wazazi wao wote wawili, na ukivitaka utavipata kwa jina lao. Njoo ufumbe macho upapase.

Mama Vibao, ahsante. Ahsante kwa mimea, kwa kitambaa, kwa meza niliyoivunja na hukunifukuza. Ahsante kwa siku ile uliposimama mbele ya watu ukasema umekosea. Tunakuombea afya, siku ndefu, na usingizi wa asubuhi ambao hujawahi kuuonja tangu ujana. Wewe tuombee jambo moja tu, Mama: ukaidi.